Barua kutoka Tanga: tenki la Honda ya mjomba

Mdogo wangu,

Nilifika salama, ila basi lilisimama Segera hadi abiria wa viti vya nyuma wakaanza kuulizana koo. Baada ya hapo ni mkonge, halafu Muheza na machungwa yake. Ukifungua dirisha tu, kikapu kimeshaingia ndani. Nimenunua, kwa hiyo usiulize.

Mjomba hakunipa hata nafasi ya kuoga. Unaikumbuka ile Honda XL 125 aliyoinunua mnadani enzi zake za ubwana shamba? Iko uani, imevuliwa kiti na tenki, na mzee ameapa kwamba tenki lazima libanduliwe rangi yote na lipakwe upya hapahapa nyumbani. Nikamwambia aagize jipya yaishe. Akaligonga kwa kifundo cha kidole, ngo! "Bati la siku hizi linalia hivi?" Nikanyamaza, maana kweli lile bati ni zito.

Uliwahi kuniuliza habari ya kupaka rangi pikipiki yako, basi sikiliza. Rangi yenyewe ndiyo kazi ndogo kuliko zote. Kwanza ni petroli. Tulifunga koki, tukachomoa mpira wa kabureta, tukamwaga mafuta yote kwenye dumu, na mimi nikadhani tumemaliza. Mjomba akasema tenki tupu ndilo la kuogopa, kwa sababu ule mvuke uliobaki ndani ndio unaolipuka, na ni mzito kuliko hewa: unatambaa chini kwa chini mpaka ukutane na moto. Wakati huo mkaza mjomba alikuwa anachoma maandazi kwenye jiko la mkaa, hatua chache tu kutoka tulipo. Aliombwa ahamie upande wa pili wa nyumba. Akahama, lakini huku akiuliza kama chai tutaiteremshia na msasa.

Tukaliosha tenki kwa maji ya sabuni, tukarudia mpaka harufu ikaisha. Kisha mjomba akamulika tochi kwenye mdomo wa tenki, akaniambia nichungulie. Juu kulikuwa safi kabisa. Chini, kwenye ule mshono unaounganisha mabati mawili, kulikuwa na kutu nyekundu yenye magamba. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo tone lolote linaloingia linazama na kukaa palepale. Na hewa hii ya pwani unaijua: pikipiki ikilala na mafuta robo tenki, usiku unyevu unaganda juu ya bati tupu. Ndiyo maana siku hizi mzee haegeshi pikipiki muda mrefu bila kujaza tenki.

Hapo ndipo nilipoona kitu kilichonifurahisha kuliko vyote. Mzee alichukua magadi, hayahaya ya kulainishia maharage, akakoroga kijiko kikubwa kwa kila lita ya maji, akajaza tenki. Tundu la koki alikuwa ameliziba kwa kipande cha tyubu. Akashusha kipande cha nondo kupitia mdomoni, amekishikiza kwenye ubao ili kisiguse bati hata kidogo. Halafu akaleta chaja ya betri ya gari: waya hasi kwenye tenki, waya chanya kwenye nondo. Akawasha umeme. Baada ya muda mfupi maji yakaanza kutoa vipovu vidogo vidogo, likapanda povu la rangi ya chai ya maziwa. Vile vipovu vina hidrojeni, nayo inawaka, kwa hiyo kazi hii ni ya nje, mbali na moto, na chaja inazimwa kabla ya kugusa waya wowote. Mara kwa mara tulizima, tukatoa nondo, tukaikwangua gamba, tukairudisha. Usijaribu kutumia chuma cha pua badala ya nondo, maji yake yanageuka sumu. Tulipomwaga, ule mshono ulikuwa wa kijivu, hauna gamba. Tukasuuza, tukakausha juani, tukazungushia oili ndani upesi kabla kutu haijarudi.

Kubandua rangi ya nje kulikuwa na raha yake. Dawa ya kubandulia inapakwa nene kwa brashi, inafunikwa karatasi ya nailoni isikauke, na baada ya muda rangi inavimba na kujikunja yenyewe. Glovu ni lazima. Tone moja liliniangukia kifundoni, nikakimbilia bombani. Ilitoka nyeusi ya mjomba, chini yake bluu, na chini kabisa nyekundu ya kiwandani. Ubavuni tukakuta siri ya mwenye pikipiki wa kwanza: bonde lililojazwa puti nene kama andazi. Puti haitakiwi kuzidi milimita chache, ikizidi inapasuka, nayo ilikuwa imeshapasuka. Bonde likanyooshwa kwanza, puti mpya ikawa utando tu.

Bati likishakuwa tupu hakuna kulala. Hapa Tanga ukiliacha usiku mmoja, asubuhi unakuta alama za vidole vyako zimeota kutu. Tulifuta kwa thina, tukapiga praima ya epoksi jioni ileile. Ilipokauka, mjomba akanyunyiza vumbi jepesi la rangi nyeusi juu yake, nikamwona ameharibu kazi. Kumbe ni akili: ukipitisha msasa wa maji, panapobaki peusi ndipo penye shimo.

Ubishi wa rangi haukudumu. Mkaza mjomba alitaka kijani, lakini kadi ya pikipiki imeandikwa nyekundu, na mzee hana hamu ya kwenda TRA kubadilisha maelezo. Kompresa tuliazima kwa mziba pancha, tukaimwaga maji yaliyokuwa tumboni. Mjomba alipuliza asubuhi, umande umekauka na upepo wa bahari haujaamka, sakafu imemwagiwa maji kutuliza vumbi. Tabaka nyembamba, subiri, nyingine. Juu yake klia ya kuchanganya na hadina, kwa sababu rangi ya kopo peke yake ikimwagikiwa petroli pale kituoni inalainika na kukunjika. Ila klia hiyo moshi wake unaharibu mapafu, na barakoa ya kitambaa haisaidii kitu; mzee alivaa ile yenye vichujio viwili, sisi wengine tukafukuzwa uani.

Sasa tenki limening'inia kwenye mwembe, halitiwi mafuta mpaka klia ikomae vizuri. Nasubiri hapa, nakula pweza.

Nisalimie wote. Na huyo jirani yako anayetaka kuchomelea tenki lake linalovuja, mwambie asithubutu kulipeleka eti kwa sababu limeshamwagwa mafuta. Lioshwe mpaka harufu iishe, lijazwe maji karibu na pale panapochomelewa, na fundi awe mtu aliyezoea matenki. Mwambie leo, usingoje nirudi.

Kaka yako