Bugufi na Mpaka Wetu wa Mashariki

Neno "mpaka" lina kazi mbili katika Kiswahili. Hutaja mahali nchi inapokoma. Tena hutupeleka mbele, kwani twasema tumekwenda mpaka Ngara na kurudi. Sisi tunaosomesha lugha hii Gitega na Muyinga huulizwa na wanafunzi imekuwaje neno moja lifunge njia na kuifungua. Huko Muyinga swali hilo si la sarufi peke yake.

Ukitoka Muyinga ukavuka Kobero, umeingia wilaya ya Ngara, Tanzania. Humo imo Bugufi, nchi ya Wahangaza. Mrundi akisema Kirundi, Mhangaza akamjibu kwa Kihangaza, hapahitajiwi mkalimani. Bugufi zamani ilikuwa sehemu ya ufalme wa Burundi. Ilikatwa kwa kalamu tarehe 30 Mei 1919, Milner wa Uingereza na Orts wa Ubelgiji walipopatana kugawana nchi hizi zilizokuwa za Wajerumani. Uingereza ilichukua pia Gisaka, upande wa Rwanda, kwa ajili ya njia ya reli. Wamisionari na Mwami Musinga walilalamika, Ubelgiji ikalitetea jambo hilo, na mwaka 1924 Gisaka ikarudishwa. Bugufi haikurudi. Mwami Mwambutsa wa Nne aliidai, hata mbele ya Umoja wa Mataifa, asiipate. Wala hatusemi kwamba kila Mhangaza alitamani kurudi. Ufalme nao una kodi zake.

Baada ya uhuru wa 1962 dai hilo lilikosa mahali pa kusimama. Mwaka 1964, mjini Cairo, wakuu wa nchi za Afrika waliazimia kuiheshimu mipaka waliyoirithi.

Kisha ikaja Jumuiya ya Afrika Mashariki. Burundi ilitia sahihi mkataba wa kujiunga mjini Kampala tarehe 18 Juni 2007, ikawa mwanachama kamili tarehe 1 Julai, siku ile ile ya sikukuu ya uhuru wetu, pamoja na Rwanda. Gitega palikuwa na watu waliosema kwamba sasa kilichokatwa mwaka 1919 kitashonwa bila kuhamisha hata jiwe moja. Maneno hayo yalikuwa matamu, lakini Jumuiya haifuti mpaka. Humpa raia haki ya kuuvuka akiwa na hati yake mkononi. Wangapi katika wakulima wetu walikuwa nayo? Mwaka 2013, Burundi ikiwa na miaka sita katika Jumuiya, Tanzania iliendesha Operesheni Kimbunga. Maelfu ya Warundi waliokuwa wakiishi Kagera, baadhi yao kwa miongo mingi, walirudishwa. Kwao uanachama wa nchi yao haukuwa kinga.

Mwaka uliofuata, marais Kikwete na Nkurunziza walizindua kazi ya kuimarisha alama za mpaka huu. Wako wenzetu waliochukizwa: umoja gani huu wa kupanda mawe? Sisi tuna rai nyingine. Mkulima ambaye hajui shamba lake liko upande gani humwogopa ofisa wa huku na wa kule pia. Jiwe likionekana, angalau anajua anapovuka. Tazameni Sabanerwa, kwenye mto Akanyaru: mto ulihama njia yake, ardhi ikabaki na wadai wawili, Burundi na Rwanda, nchi zilizoingia Jumuiya siku moja. (Anayeufanya mto kuwa mpaka asishangae ukitembea.) Na mwezi Januari 2024 Burundi iliifunga mipaka yake ya nchi kavu na Rwanda.

Katika madarasa ya Muyinga wamo watoto wenye bibi zao Ngara. Kiswahili wanakisoma shuleni kama lugha ya jirani, na kumbe huyo jirani ni mamaye mama. Wanapokwenda kumwamkia hawakitumii. Hutumia ile lugha ya nyumbani ambayo ramani imeipa majina mawili. Basi tunawaomba walimu wenzetu wa Ngara watuandikie katika jarida hili. Wakusanye maneno ya Kihangaza, nasi tutaweka ya Kirundi kando yake, na tafsiri ya Kiswahili katikati. Tuanze na hili la mpaka: sisi husema "urubibe". Huko kwenu husemwaje?