Mlingoti wa Mtu Mmoja

Mlingoti wa dau dogo la baba yangu kule Pangani una urefu wa mita 5 hivi na uzito wa kilo 20. Ni mti wa mvinje, mnyoofu, uliokaushwa kivulini. Mtu mzima anaweza kuuchukua begani toka bandani mpaka ufukweni bila kuhema. Kuusimamisha peke yako ndani ya chombo ni habari nyingine, na tangu utotoni sijachoka kumtazama mzee akiifanya kazi hiyo.

Anaanza chini. Kabla ya kuinua chochote, kitako cha mlingoti sharti kiingie kwenye mwashiri, lile gogo lililolazwa juu ya mkuku, lenye tundu. Mlingoti wenyewe unalala kuelekea tezi, ncha imetokeza nje. Henza imeshapitishwa juu, maana ukishasimama hakuna wa kuukwea. Kamba ya kufungia iko pale mkono utakapoifikia bila macho. Kisha anatazama upepo: wa tezi unamsaidia, wa omo unamrudishia mzigo, wa ubavuni ndio adui. Bahari ikichezesha chombo, haanzi. Anangoja maji yatoke, dau likalie mchanga. Siku za bamvua maji ya pwani yetu hushuka zaidi ya mita 3, kwa hiyo kungoja huko ni kwa saa chache tu, ingawa wengi hatuna hata subira hiyo.

Halafu anauinua, anauweka begani, na kutembea polepole kuelekea omo huku mikono ikipokezana. Watu hudhani uzito uko mwanzoni. Sivyo. Mwanzoni nusu ya mlingoti inabebwa na kitako, nawe unabeba kama kilo 10. Kadiri unavyosogea ndivyo mzigo unavyoongezeka, mpaka mlingoti ukifika nusu ya kusimama mikono inabeba karibu kilo 14. Hapo huwezi kuuachia, huwezi kupumzika, na bado hujafika. Ukipita hapo unakuwa mwepesi, na mwishoni unataka kwenda wenyewe. Ubao uliokingama, uliochongwa pengo, unaupokea. Mlingoti wa tanga la pembe tatu huinamia mbele kidogo, kwa hiyo unajikandamiza wenyewe pengoni, na mzee anapata mikono yote miwili ya kufungia kamba.

Ile katikati nimeiona nchi kavu pia. Mama alipoanza kuugua, jamaa walijaa nyumbani, sufuria hazikukauka jikoni. Uzito ulikuja baadaye, ugonjwa ulipozoeleka, wageni walipopungua na baba akabaki na mgonjwa ambaye hafi wala haponi. Wakati huo nilijifunza kutofautisha msaada na msaada. Vijana wa ufukweni, wakimwona mzee na mlingoti wake, hukimbilia ncha. Mmoja anavuta huku, mwingine anasukuma kule, kitako kinaruka tunduni. Baba huwaambia, "Wanangu, juu niachieni. Shikeni chini." Nyumbani kwetu aliyeshika chini alikuwa jirani mmoja aliyejaza mapipa ya maji kila alfajiri. Hakuja na ushauri, wala hakuuliza mama amekula nini. Namheshimu mpaka leo kuliko wengi waliokaa barazani wakituliwaza.

Siri hiyo ya kushika chini haikuwa yetu peke yetu. Huko Norfolk, mashariki mwa Uingereza, mashua za mizigo ziitwazo wherry zilipita mitoni chini ya madaraja ya chini, na kila daraja lilidai mlingoti ulazwe kisha usimamishwe tena. Milingoti ile ni mikubwa mno kwa bega la mtu yeyote. Mafundi wa kule waliifunga risasi nzito kwenye kitako, uzito wa chini ukasawazisha wa juu, na kazi ikawezekana kwa mabaharia wawili. Mojawapo ya mashua hizo, Albion, iliundwa mwaka 1898 na bado inatweka tanga. Mafundi wale na baba yangu wasingeelewana neno, lakini mwashiri wake wangeuelewa mara moja.

Mwashiri huo ulipooza, ndugu zangu walitaka kumnunulia mzee mashine na kuutupa mlingoti. Alichoomba yeye ni gogo la mvule na fundi wa kulichonga. Tukampa.

Kulaza ni safari ileile kwa kurudi, ila inafanywa na mwili uliochoka kwa bahari na jua. Mwanzo ni rahisi mno, ndiyo maana huponza watu: unafungua kamba, unauvuta kidogo, na ghafla uko katikati na mikono isiyo na nguvu. Kwa hiyo mzee anarudi pwani angali na nguvu ya kulazia, hata samaki wakiwa bado wanakula chambo. Msimu uliopita wa kusi magoti yalimsumbua, akachukua msumeno akakata dhiraa moja ya mlingoti, akashona tanga dogo la kuufaa. Hakuambiwa na mtu. Dau limepungua mwendo, na bado anasafiri nalo peke yake.

Ndugu zangu wanasema liuzwe, ahamie Dar es Salaam. Nawaelewa, wanampenda. Lakini mtu anayejua kuupunguza mlingoti wake kabla haujamshinda hana haja ya sisi kumnyang'anya, nami nitalisema hilo kila tutakapokaa kikao.