Jicho la Simu Ghalani

Msomaji mpenzi, huenda ukadhani kuwa kuhesabu mali ya duka ni kazi nyepesi. Nami nilidhani hivyo mpaka nilipokuwa karani wa ghala katika duka moja la jumla mjini Mombasa. Kila mwisho wa mwezi tulifunga milango, tukapanda ngazi, tukahesabu katoni za sabuni, mafuta na majani ya chai hata macho yakaingia ukungu. Mmoja alihesabu, mwenziwe akaandika. Na mwandishi akisinzia, mia huwa tisini.

Kisha tajiri wetu akaleta simu yenye programu ngeni. Ulipoielekeza kamera kwenye rafu, uliiona rafu ile ile katika kioo, lakini juu ya katoni zimeelea alama: za kijani kama hesabu iliafikiana na daftari, nyekundu kama ilipungua. Rafuni hapakuwa na alama yoyote; simu ndiyo iliyozichora. Hata ukitembea zilibaki mahali pake, kwa kuwa simu hulinganisha picha za kamera na mwendo wake yenyewe, ikajua ilipo. Bidhaa iliitambua kwa ile mistari myeusi inayochapwa juu ya pakiti. Itazame siku moja: tarakimu zinazoanza na 616 hutolewa na shirika la hapa Kenya. Mistari ya namna hiyo ilianza kusomwa dukani mwaka 1974, huko Ohio, Marekani, na pakiti ya kwanza ilikuwa ya chingamu.

Kazi ya siku mbili ikawa ya asubuhi moja. Nilijiona bwana.

Mwezi wa tatu alama nyekundu iliwaka juu ya majani ya chai: katoni sita hazipo. Ufunguo wa ghala ulikuwa kwa mzee mmoja aliyeanza kazi pale kabla sijazaliwa. Nilimwonyesha kioo. Akauliza, "Mwanangu, umetia mkono nyuma?" Nikadhani anatafuta hila. Niliandika upungufu, nikampelekea tajiri, na mzee akaambiwa asirudi kesho.

Jioni moyo ulikataa kutulia. Nikapanda ngazi, nikavuta katoni za mbele. Shehena mpya ilikuwa imepangwa safu mbili mahali palipozoea safu moja, na nyuma, gizani, zilisimama sita. Simu haikusema uongo. Kamera huona uso wa kitu, haioni kilichojificha nyuma yake; na hilo alilijua mzee asiyepata kuishika, si mimi niliyefundishwa kuitumia.

Nilikwenda kwake usiku ule ule, nikabisha hodi. Alinikaribisha, akanimiminia chai kabla ya kuniuliza nililojia. Nilipokwisha kueleza alisema, "Zote sita?"

"Zote, mzee."

Alitazama chini kwa muda mrefu. Chai ikapoa mkononi mwangu.