Mwanangu, Utunze Mlamula wa Mpakani

Mwanangu, nakuandikia mkono wangu ukiwa bado unaitii kalamu, na nimeona nianze na mlamula, mti wetu wa mpaka, kabla ya habari za fedha, kwa kuwa fedha utazipata na kuzipoteza mara nyingi, lakini kibanja hiki, shamba letu la Kibeta, kikishaingia kwenye ugomvi, hata mjukuu wangu ambaye hajazaliwa ataurithi.

Unaifahamu milamula itokayo barabarani ikapita kando ya makaburi ya babu zako na kushuka nyuma ya migomba. Kila shina lilipandwa mbele ya watu wa pande zote mbili, mchana kweupe. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 lilipobomoa nyumba nyingi za Bukoba, ukuta wetu nao ulilala chini, lakini milamula ilibaki pale pale, na hakuna jirani aliyeuliza mpaka uko wapi.

Usiudharau mlamula kwa kuwa hauliwi. Ulaya, ndugu zake wa jamii ya Dracaena hupandwa vyunguni sebuleni. Uchagani, aliyemkosea mwenzake hushika jani la isale, mti wa jamii hiyo hiyo, akaenda kuomba radhi. Kwetu kazi yake ni kusimama. Kiangazi cha Juni hadi Agosti kikikausha nyasi za mbuga ya rweya, mlamula huishi kwa akiba iliyo shinani mwake. Majani ya chini yatageuka njano na kuanguka, ya juu yatabaki kijani. Usiukimbilie na ndoo, maana maji yakituama mizizi huoza, na wengi wameuua kwa huruma hiyo.

Ukitaka kuziba pengo, kata kipande cha shina lililokomaa, urefu wa kiwiko hadi ncha za vidole, ukiweke kivulini siku chache mpaka pale ulipokata pakauke, kisha mvua zikikaribia ukisimike na kushindilia udongo, ncha iliyokuwa juu ibaki juu. Baada ya hapo kitakaa wiki nyingi kama kijiti kikavu, na damu yako ya ujana itakusukuma uking'oe uangalie kama kina mizizi. Kiache. Subira yavuta heri, mwanangu, na siku moja utakuta chipukizi limetoboa gome ubavuni. Maua yatachukua miaka. Ni meupe, hufunguka jioni na kunukia usiku kucha, kisha huzaa vitunda vya rangi ya chungwa.

Najua utajikwaa, na nitakupenda hata utakapojikwaa. Utafika mwaka ambao mnyauko umemaliza migomba, ada za watoto zimekubana, nawe utautazama mpaka na kuona kwamba ukiusogeza hatua mbili tu, usiku, hakuna atakayejua. Basi kumbuka kwamba mlamula ukikatwa huchipua pale pale ulipokatwa, na kisiki hicho kitakusuta mbele ya watoto wako. Shauri litafika Baraza la Kata, ambalo siku hizi kazi yake ni kusuluhisha tu. Likishindikana litakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na huko utauza kahawa ikiwa bado mtini ulipe nauli na wakili, kwa ajili ya hatua mbili. Majuto ni mjukuu, huja baadaye, na aghalabu huja ukiwa huna tena nguvu ya kurudisha ulichochukua.

Liko neno lililo zito zaidi moyoni mwangu. Dada yako ana sehemu yake katika kibanja hiki. Wazee watakuambia mwanamke wa Kihaya hagusi ardhi ya ukoo, lakini tangu mwaka 1990 Mahakama Kuu kule Mwanza, katika shauri la Holaria Pastory, iliamua kuwa haki yake ni sawa na ya mwanamume. Na hata isingeamua, yeye ni mtoto wangu kama wewe. Ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune; sitaki watu wa pembeni waingie kati yenu kwa ajili ya kibanja changu.

Kwa hiyo Desemba mkija nyumbani, njooni wote wawili. Vipande nitakuwa nimeshavikata. Mwite jirani wa upande wa chini na mwenyekiti wa mtaa, dada yako aonyeshe mwenyewe mstari wake unapopita, wewe uchimbe mashimo, nami nitakaa kwenye kiti kahawani niwaangalie mkipanda.