Kipupwe cha Berlin: Siku Fupi, Safari Ndefu

Wahenga walinena kuwa mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Methali hii ya mabaharia ilimsibu mwanafunzi mmoja wa Kiswahili aliyeondoka Nairobi usiku wa Desemba, jua la mwezi huo likiwa bado limo ngozini mwake, akashukia Berlin asubuhi isiyotofautiana na usiku. Alikuwa na siku nne tu za matembezi na orodha ya mahali ishirini. Siku ya kwanza aliamka saa tatu, akastaftahi polepole, akaenda kulitazama Lango la Brandenburg. Alipogeuka kutafuta mahali pa pili, giza lilikuwa limekwisha kutanda. Akalalama kuwa mji umemdhulumu.

Kumbe mji haukuwa na kosa. Berlin iko takriban nyuzi 52 kaskazini mwa Ikweta. Katikati ya Desemba jua huchomoza baada ya saa mbili asubuhi, nalo hutua kabla ya saa kumi alasiri. Mtu aliyelelewa karibu na Ikweta, ambako mchana na usiku hugawana saa kwa usawa, huliona jambo hili vitabuni lakini mwili wake haulisadiki hata aonje. Hapana budi basi msafiri aigawe siku yake kwa busara: saa za mwangaza azitumie nje, na jioni aingie majumba ya makumbusho.

Maandalizi huanza nyumbani. Maombi ya viza ya Schengen hupokewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, nayo hudai bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000. Anayengoja mwezi wa mwisho hujitafutia fadhaa. Kuhusu mavazi, koti moja zito halitoshi. Lililo bora ni kuvaa tabaka kwa tabaka: fulana ya kubana mwili, sweta ya sufu, kisha koti lisilopitisha upepo. Majumba ya huko hupashwa joto, hivyo mgeni huvua na kuvaa mara nyingi kwa siku. Glavu, kofia na viatu vyenye soli isiyoteleza si mapambo. Barafu nyembamba juu ya vigae vya njia haionekani kwa macho. Huonekana mtu akiwa tayari ameanguka.

Usafiri ndani ya mji ni mwepesi. Treni za chini ya ardhi hazina malango ya kuzuia watu, lakini asidhani mgeni kuwa ni za bure: tiketi ya karatasi hugongwa muhuri katika kijisanduku kilichopo stesheni kabla ya kupanda. Basi la kawaida nambari 100 hupita kando ya majengo mengi mashuhuri, likiwemo Bunge, kwa nauli ile ile ya wenyeji. Kuba la kioo la Bunge huzuru mtu bila malipo, mradi awe amejiandikisha mapema. Maduka mengi hufungwa Jumapili, na majumba mengi ya makumbusho hayafunguliwi Jumatatu. Jumba la Pergamon limefungwa kwa ukarabati tangu 2023, ila jirani yake, Neues Museum, ndilo lenye sanamu ya Malkia Nefertiti.

Jioni, masoko ya Krismasi huwaka taa. Huko huuzwa divai ya moto, na kwa asiyetumia kileo, sharubati ya moto. Kikombe hulipiwa amana, ambayo hurudishwa kikirejeshwa. Mwanafunzi wetu alipokiinua kikombe chake cha sharubati alikutana na harufu ya mdalasini na karafuu, akatabasamu peke yake. Harufu ile haikuhitaji mkalimani.

Usiku huo aliitwaa orodha yake akaifuta karibu yote. Alijiuliza: katika siku fupi namna hii, ni yapi ambayo yeye hasa, mwana wa lugha hii, hapaswi kuyakosa?

Asubuhi ya pili alikwenda mtaa wa Wilhelmstraße. Jengo lenyewe halipo tena. Kuna bango la kumbukumbu tu. Hapo, kuanzia Novemba 15, 1884 hadi Februari 26, 1885, wajumbe wa mataifa 14 waliketi kuamua kanuni za kuigawana Afrika, na hakuna Mwafrika hata mmoja aliyeketi mezani. Mkutano ule nao ulikuwa wa majira ya baridi. Alisimama pale mpaka vidole vya miguu vikafa ganzi.

Kisha akashuka stesheni ya Rosenthaler Platz, akatembea hadi nambari 193 mtaa wa Brunnenstraße. Kiswahili kimefundishwa Berlin tangu enzi za Chuo cha Lugha za Mashariki, kilichoanzishwa mwaka 1887. Mtoro bin Mwinyi Bakari, ambaye maandishi yake yamo katika Desturi za Wasuaheli (1903), alifundisha mjini humo na kufia humo mwaka 1927. Baada yake alikuja Mahjub bin Adam Mohamed, aliyejulikana pia kama Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam, 1904. Alifika Berlin mwaka 1929 kudai malipo ya uaskari yake na ya babake, akakataliwa. Alihudumu hotelini, akaigiza katika filamu, akafundisha Kiswahili chuo kikuu. Mwaka 1941 utawala wa Kinazi ulimkamata na kumpeleka kambi ya Sachsenhausen. Alifia huko Novemba 24, 1944.

Kumbukumbu yake ni kijiwe cha shaba chenye upana wa sentimita 10, kilichopachikwa njiani mbele ya nyumba alimoishi. Theluji nyepesi ilikuwa imekifunika. Mwanafunzi alipiga goti, akakipangusa kwa glavu hadi jina likasomeka. Wapita njia walimzunguka wakaendelea na shughuli zao. Akasema polepole, kwa Kiswahili, “Shikamoo, Mwalimu.” Mvuke wa pumzi yake ulipanda ukatoweka.

Anayekwenda Berlin wakati wa kipupwe na achukue basi glavu imara, atangulie jua kuamka, na aifupishe orodha yake. Mchana ule mfupi hautoshi kuona kila kitu, bali unatosha kumwamkia mwalimu mmoja. Na atakaporejea ngamani, mbele ya darasa lake mwenyewe, atakuwa na jina moja zaidi la kuwatajia wanafunzi wake.