Mzumbe na neno lililoniponza

BASI likitoka Msamvu kuelekea Iringa, wahi siti ya upande wa kushoto. Huko ndiko iliko Uluguru, na asubuhi ukungu ukiwa haujainuka, milima inakuwa kama mtu aliyejifunika shuka. Kilometa ishirini na ushee unashuka Sangasanga, unaingia ndani hadi chuoni Mzumbe.

Mimi, msomaji wangu, nilikwenda na donge la zamani. Miaka ya nyuma nilipewa kibarua cha kutafsiri tangazo la kiwanda kimoja, jina nalihifadhi. Kiingereza kilisema 'management' imefuta malipo ya saa za ziada. Nikaandika "uongozi umefuta". Lahaula! Wafanyakazi wakamvaa mwenyekiti wa tawi la chama chao: nyie viongozi wetu mmetuuza lini? Mzee wa watu hakujua lolote. Mpaka leo tukikutana anaitikia salamu yangu kwa mkato.

Kumbe Mzumbe ilibeba neno hilohilo. Waingereza walianzisha hapo shule ya serikali za mitaa mwaka 1953, kuwanoa machifu na watumishi wao. Mwaka 1972 ikaunganishwa na taasisi ya utawala ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikazaliwa IDM, kwa Kiswahili Chuo cha Uongozi wa Maendeleo.

Kwa nini uongozi? Naona mimi, ni majira yale. Azimio la Arusha la 1967 liliuweka uongozi bora pamoja na watu, ardhi na siasa safi. Mwongozo wa TANU wa 1971 ukawakemea wakubwa wenye kiburi. Utawala, basi, ulinuka bwana shauri. Anayetawala yuko juu yako. Anayeongoza anatangulia njiani, nawe unamfuata kwa hiari.

Tabu ni kwamba bosi wa kuajiriwa naye akaingia humohumo. Tuliyemchagua kwa kura ni uongozi, na anayetukata mshahara ni uongozi! Sema usimamizi, mtu anafikiria mnyapara au mtihani. Sema uendeshaji, anafikiria gari. Serikali yenyewe ilifika mahali ikawa na Ofisi ya Rais, Menejimenti ya Utumishi wa Umma na Utawala Bora. Umeona? Utawala umerudi, safari hii umevalishwa suti.

Lile tangazo ningelitafsiri leo ningeandika menejimenti, walimu wa Kiswahili wanune watakavyo. Meneja kila mtu anamjua, hata wa baa.

Kwa sheria ya 2001 pale pakawa Chuo Kikuu Mzumbe. Hakuna uongozi wala menejimenti kwenye jina. Wamekwepa kiaina.

Jioni pale Sangasanga, nikingoja gari na ndizi zangu mkononi, mzee mmoja akaniuliza, "Mwanangu, umetoka Aidiemu?"

Nikamwambia ndiyo, mzee.