Hesabu Kabla ya Kukabidhi

Mwanafunzi mpenzi,

Muhula uliopita niliwapa wanafunzi wangu wa kidato cha tatu, hapa Kampala, insha yenye kichwa "Kazi Ninayoitamani". Wengi waliandika udaktari, uanasheria na urubani. Msichana mmoja aliandika kwamba anataka kuwa meneja wa duka kubwa. Alipoisoma insha yake mbele ya darasa, wenzake walicheka. Mimi sikucheka, lakini sikuwakemea pia, na chini ya insha hiyo niliandika kwa wino mwekundu: "Lenga juu zaidi." Maneno hayo yalininyima raha kwa siku nyingi, kwa kuwa ada yangu ya kwanza ya chuo cha ualimu ilitoka dukani.

Nilipomaliza kidato cha sita, wazazi wangu hawakuwa na uwezo wa kunisomesha zaidi. Nilipata kazi katika duka moja la kujihudumia pembezoni mwa jiji, nikaanza kwa kupanga bidhaa kwenye rafu. Usidhani kwamba hiyo ni kazi ya mikono tu. Maziwa yanayokaribia tarehe ya mwisho wa matumizi huwekwa mbele, na yaliyoletwa leo huwekwa nyuma. Ukiukosea mpangilio huo, faida ya wiki nzima humwagwa. Baada ya miezi minne nilipandishwa nikawa keshia.

Siku moja ya mwisho wa mwezi, foleni ikiwa ndefu, nilimwachia mwenzangu droo ya fedha nikaenda kula. Hatukuhesabu. Wahenga walisema, biashara asubuhi, jioni mahesabu. Na jioni ile zilipungua shilingi 38,000. Mshahara wangu wa mwezi ulikuwa shilingi 130,000. Msimamizi alinionyesha karatasi niliyoitia saini siku ya kwanza, iliyosema kwamba nitalipa upungufu wowote utakaotokea. Sikuwa nimeisoma. Siku ile nilikuwa na haraka ya kuvaa sare.

Dada mmoja aliyenitangulia kazini alinikuta nikilia nyuma ya ghala. Hakunipa pole nyingi. Aliniambia, "Usimkabidhi mtu fedha kabla ya kuzihesabu mbele yake, wala usizipokee kabla hajazihesabu mbele yako. Kisha tieni saini nyote wawili." Akanionyesha daftari lake. Mbali na hesabu za droo, alikuwa ameandika ni siku zipi sukari huisha mapema, ni sabuni ipi inayokaa bila kununuliwa, na ni vitu gani ambavyo wateja huviulizia wakavikosa. Wakati ule nilimwona kuwa mtu wa wasiwasi. Sikujua kwamba daftari lile lilikuwa shule yake.

Mimi niliondoka baada ya mwaka mmoja na nusu nikaenda kusomea stashahada ya ualimu. Yeye alibaki. Duka lile lilipofungwa miaka kadhaa baadaye, alikwenda kuomba kazi kwingine akiwa na madaftari yake mkobani. Leo ndiye anayeamua duka lake jipya liagize nini, kwa kiasi gani na kutoka kwa nani. Mshahara wake unauzidi wangu, nami sioni haya kulisema hilo.

Huenda ukauliza: je, kazi hii ina uhakika? Duka lenyewe halina. Hapa Uganda tumeyaona makampuni makubwa yakija na kuondoka. Uchumi ya Kenya ilifunga maduka yake hapa mwaka 2015, Nakumatt ikafuata mwaka 2017, na mwaka 2021 Shoprite ya Afrika Kusini iliondoka, Carrefour ikachukua majengo yake. Bango la mlangoni hubadilika. Lakini anayejua kuhesabu mali ya ghala, kuyasoma mauzo na kumsikiliza mteja huondoka na ujuzi wake.

Hata hivyo, ujuzi peke yake haukulindi. Jifunze pia haki zako. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri akupe masharti ya kazi yako kwa maandishi, na inakupa siku ya mapumziko baada ya siku sita za kazi mfululizo. Katika mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, wewe huchangia asilimia 5 ya mshahara na mwajiri asilimia 10. Na tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2022, wajibu huo unamhusu kila mwajiri, hata mwenye mfanyakazi mmoja. Uliza kuhusu mambo haya kabla ya kuvaa sare.

Sasa nirudi kwa yule msichana. Kosa langu lilitendeka mbele ya darasa, kwa hiyo nililisahihisha mbele ya darasa. Niliwasimulia wanafunzi habari hii yote, pamoja na zile shilingi 38,000. Kisha niliiomba insha yake, nikayakata maneno yangu ya awali, nikaandika: "Anzia kwenye rafu. Soma kila karatasi kabla ya kuitia saini." Safari hii hakuna aliyecheka. Mwisho wa kipindi wavulana wawili walibaki nyuma kuniuliza jinsi ya kuandika barua ya kuomba kazi.

Nawe nakuachia zoezi. Nenda katika duka lililo karibu na kwenu, umwombe mwenye duka, kwa adabu na kwa Kiswahili, akueleze tofauti kati ya bei ya jumla na bei ya rejareja ya bidhaa moja. Andika aya moja ukitumia maneno haya: mtaji, faida, hasara, stakabadhi, upungufu. Ukimaliza, ihesabu faida yake mwenyewe kwa kalamu yako.

Mwalimu wako.